Bei ya Sarafu ni ya Yule Anayeitafuta

Mjomba wangu kanipigia simu saa nne usiku, muda ambao kwa kawaida huwa kashalala zamani, nikajua moja kwa moja kuna msiba. Shikamoo mjomba. Marahaba mpwa wangu, una nafasi? Kumbe hakuna msiba, kuna sarafu. Anayo shilingi moja ya mwaka 1966, ile yenye sura ya Mwalimu upande mmoja na upande wa pili mkono umeshika Mwenge, na kuna mtu kwenye simu kamwambia kuna Mzungu anazinunua kila moja milioni 40. Ila kwanza lazima usajiliwe kama muuzaji, ada yake elfu 45. Nikamuuliza, mjomba, umeshatuma? Kimya. Halafu akasema, "Ya usajili nimeshatuma, sasa wanataka ya kodi, ndo maana nimekupigia wewe unayezijua hizi mambo."

Hizi mambo nimeanza kuzijua miaka kumi na kitu iliyopita, na swali la mjomba nimeulizwa na watu wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu, majirani, makonda, fundi wa friji, hata daktari mmoja ambaye nilikwenda kwake na homa nikatoka na ahadi ya kumwangalizia sarafu za marehemu baba yake. Wote wanauliza kitu kimoja: hii ni ya zamani, ni shilingi ngapi? Na mi nadhani kosa letu liko kwenye swali lenyewe, tunaamini uzee ndio bei. Ingekuwa hivyo mawe ya mtoni yangekuwa ghali kuliko dhahabu, maana hakuna kitu cha zamani kama jiwe.

Chukua hiyo hiyo ya 1966. Benki Kuu ilifunguliwa Juni 1966 na sarafu zetu za kwanza zikaja nne tu: senti 5 ya shaba yenye kona kumi na mbili na samaki, senti 20 ya mbuni, senti 50 ya sungura, na shilingi moja ya Mwenge. Zilitengenezwa kwa mamilioni, na ilibidi iwe hivyo kwa sababu nchi nzima ilikuwa inabadilisha pesa kutoka zile za Afrika Mashariki za mkoloni, kila duka, kila soko, kila mshahara. Kitu kilichotengenezwa kwa mamilioni na kila bibi akakiweka kwenye kopo hakiwezi kuwa adimu hata baada ya miaka yote hii. Mi mwenyewe ninazo zaidi ya thelathini kwenye kopo la Kimbo, kwa hesabu ya yule tapeli nina bilioni moja na milioni mia mbili, na bado asubuhi nagombania daladala.

Nikamwambia mjomba asitume kodi. Hakufurahi. Aliniambia labda mi sina konekisheni na Mzungu mwenyewe.

Sasa huyo Mzungu wa kufikirika ndiye ninayetaka kumzungumzia leo, kwa sababu yupo kila mahali kwenye hii biashara, kwenye simu za matapeli yupo, na kwenye soko la kweli pia yupo. Sarafu haina bei yake yenyewe kama kilo ya sukari. Ina bei ya mtu anayeitafuta akaikosa. Zikiwa nyingi na watafutaji wachache, hata ikiwa na miaka mia haiendi popote. Zikiwa chache lakini hakuna anayezitafuta, hapo napo patupu. Na watafutaji wa sarafu zetu sisi kwa sehemu kubwa hawaishi hapa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni senti kumi ya mwaka 1936. Ukiwa na kopo la bibi litingishe, karibu lazima imo, ni ile ya shaba yenye tundu katikati, imeandikwa East Africa, na ukiizungusha taratibu kwenye mwanga utasoma jina la mfalme, EDWARDVS VIII. Huyu Edward wa nane alikuwa mfalme wa Uingereza kuanzia Januari mpaka Desemba 1936, hakumaliza hata mwaka, akaacha kiti kwa sababu ya mwanamke aliyetaka kumuoa, mdogo wake akachukua. Kwa vile alikaa muda mfupi hivyo, kule kwao sarafu zenye sura yake hazikuwahi kutoka kwa wananchi, zilibaki za majaribio, chache kabisa. Ila makoloni yenye sarafu za tundu yalikuwa na bahati yake, kwa sababu sarafu yenye tundu katikati haina pa kuweka uso, hivyo hapakuwa na haja ya kungoja mchoraji amalize picha ya mfalme, wakaandika jina tu na mashine zikaanza kupiga. Afrika Mashariki, Afrika Magharibi ya Waingereza, Fiji, New Guinea, zote za tundu. Mamilioni.

Januari 2020 sarafu ya dhahabu ya majaribio ya huyo huyo Edward ilinunuliwa kwa pauni milioni moja, kiwanda cha sarafu cha Uingereza chenyewe ndicho kilichosimamia hilo dili. Mfalme ni mmoja na zote ni za siku zile zile. Senti kumi yetu ya 1936 utaipata kwa hela ya soda, labda soda mbili kama muuzaji anajua kuongea. Ukiziweka hizi mbili pembeni mwa kila moja somo lote la bei limeisha hapo, wala huhitaji kozi: moja zipo chache sana na nchi nzima ya wakusanyaji inazililia, nyingine zipo debe kwa debe na wenye nazo tunazitumia kama washa chini ya msumari wa bati. Sitanii, nimeiona kwenye paa kule Muheza, tundu lake linaingia msumari vizuri kabisa.

Na uzee wenyewe mara nyingine ni wa uongo. Nenda Zanzibar, pita Gizenga kwenye maduka ya vitu vya kale, utaonyeshwa riale kubwa ya fedha yenye mwanamke kifua kimejaa, Maria Theresa, na tarehe 1780 imeandikwa wazi. Muuzaji atakwambia kwa sauti ya chini, "Hii ina miaka mia mbili na zaidi, bosi." Huyo malkia wa Austria alikufa mwaka huo 1780, na kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Sham, Uarabuni na pwani yetu walishaizoea sarafu hiyo na walikataa yenye sura nyingine, viwanda viliendelea kuipiga na tarehe ile ile, Vienna, baadaye Roma, London, Bombay, na mpaka leo Austria wanaipiga kwa anayetaka kununua. Kwa hiyo ya kwako inaweza kuwa ya mwaka 1850, 1936 au ya juzi, na bado imeandikwa 1780. Fedha imo kweli ndani yake, hilo silipingi, ila ulichonunua ni uzito wa fedha, hujanunua karne mbili.

Riale hiyo lakini imetuachia kitu ambacho hakuna katalogi inayokipigia hesabu. Wazee wa pwani wakisema thumni wanamaanisha senti hamsini. Thumni kwa Kiarabu ni moja ya nane, na ni moja ya nane ya riale, riale ikihesabiwa kama shilingi nne. Riale ikafa, shilingi ikaja, akaja Mwalimu na sungura kwenye senti hamsini, na bado sungura akaitwa thumni, yaani sarafu imekufa jina likahamia nyumba nyingine. Pesa nayo iko hivyo hivyo, ukishika ile shaba ya kampuni ya Kijerumani ya 1890, yenye tai upande mmoja na Kiarabu upande wa pili, unashika kitu kilichokuwa kinaitwa pesa, sitini na nne zikafanya rupia. Mwaka 1904 Wajerumani wakageuza hesabu, rupia moja ikawa heller mia, na heller ikatua kwenye midomo yetu ikawa hela. Mtu anasema sina hela mara ishirini kwa siku na hajui kama anataja sarafu ya shaba ambayo mashine ziliacha kuipiga zaidi ya miaka mia iliyopita.

Nikiwa nimeanza kukusanya nilinunua heller moja ya 1910, imepigwa Hamburg, ina herufi J ndogo. Ilikuwa nyeusi nyeusi. Mi nikaona nifanye kama bibi alivyokuwa anafanya na sinia lake, nikachukua limao na majivu nikasugua mpaka ikang'aa kama imetoka kiwandani jana. Nikajipongeza. Wiki iliyofuata nikaipeleka kwa mzee mmoja wa Upanga ambaye amekusanya tangu kabla sijazaliwa, akaiweka kwenye lenzi, akaitoa, akairudisha kiganjani mwangu bila kuisema kitu, halafu akaniambia, "Umeichuna ngozi." Ule weusi ndio uliokuwa unamwambia mnunuzi kwamba sarafu imezeeka yenyewe taratibu, mikwaruzo ya majivu haiondoki tena, na mtu anayelipa pesa ya maana hataki sarafu iliyosuguliwa. Bado ninayo. Inang'aa kwa namna isiyopendeza, nimeiacha juu ya meza ili kila nikishawishika kusugua kitu niitazame.

Ya Tabora ndo ninayoipenda kuielezea, na hapa niruhusu nikae kidogo.

Mwaka 1916, katikati ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani waliokuwa wanatutawala wamezingirwa, meli za Waingereza zimeziba bahari, hakuna sarafu inayoingia kutoka Ulaya, na kuna askari wa kulipwa na chakula cha kununua vijijini. Walichapa noti za dharura lakini mtu anayeuza mtama hakutaka karatasi, alitaka kitu kinacholia kikidondoka. Wakaenda kwenye karakana ya reli Tabora wakageuza mashine kuwa kiwanda cha sarafu. Wakapiga heller 20 kwa shaba, nyingine za njano zimetokana na maganda ya risasi, juu taji, chini yake D.O.A., yaani Deutsch-Ostafrika, Afrika Mashariki ya Mjerumani, 1916 na herufi T ya Tabora. Na wakapiga ya dhahabu, rupia 15, kwa dhahabu iliyotoka Sekenke huko upande wa Singida, upande mmoja tai, upande wa pili tembo kanyanyua mkonga na nyuma yake mlima. Zilitoka elfu kumi na sita na kidogo tu, Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia Tabora, habari ikaishia hapo.

Angalia hicho kitu kwa makini. Dhahabu imechimbwa hapa, imepigwa hapa, kwenye karakana ya reli iliyojengwa na watu wa hapa, mnyama ni wa hapa. Kwa maana ya mahali, sidhani kama kuna sarafu ya dhahabu ya karne ile iliyo ya kwetu kuliko hiyo. Na leo ikiingia mnadani Ujerumani inakwenda dola elfu kadhaa, na wanaonyanyua mikono mle ukumbini ni Wajerumani na Wamarekani, wana lenzi wanabishana juu ya ua dogo pembeni ya maandishi, linaishia chini ya herufi T au chini ya herufi A, kwa sababu muhuri ulikuwa wa aina mbili na bei inatofautiana. Mtu wa Tabora mwenyewe nikimuuliza ananiambia kuna hadithi ya mali ya Mjerumani iliyofukiwa.

Hii hadithi ya mali ya Mjerumani imeshachimbisha watu mashimo kuanzia Tanga mpaka Songea, usiku, na ramani za kuchora kwa mkono, na mganga analipwa kwanza. Ukisikiliza vizuri ni ile ile simu aliyopigiwa mjomba, ila imevaa nguo nyingine: kuna utajiri, uko karibu yako, Mzungu anaujua thamani yake, wewe toa kidogo kwanza. Wapo mpaka wanaosema rupia ya kweli ya Mjerumani inavuta mchele ukiisogeza karibu. Ndugu zangu, rupia ya fedha haivuti kitu, ikivuta mchele muulize aliyekuuzia amepaka gundi gani.

Sasa tuje kwenye sarafu za kumbukumbu, zile zinazotengenezwa maksudi ili zitunzwe, na hapa najua nitawaudhi baadhi ya wenzangu. Kenya mwaka 1966 walitoa za dhahabu za Mzee Kenyatta, shilingi 100, 250 na 500. Uganda mwaka 1969 Papa Paulo wa Sita alipofika Kampala, Papa wa kwanza kukanyaga Afrika akiwa madarakani, zikatoka za fedha na za dhahabu mpaka ya shilingi 1,000. Sisi mwaka 1974 tukaingia kwenye ule mfululizo wa kutetea wanyamapori, nchi nyingi zilishiriki, ya kwetu shilingi 25 ya fedha ina twiga, 50 ya fedha ina faru, na ya dhahabu ni shilingi 1,500 ina duma. Ni nzuri. Faru wa 1974 amechongwa vizuri sana, ukiona mikunjo ya ngozi shingoni utadhani ukigusa inatikisika.

Lakini nani aliwahi kuishika? Shilingi 1,500 mwaka 1974 usingeweza kuitoa dukani ukapewa chenji. Zile sarafu zilipigwa nje, zikafungwa kwenye vijisanduku vyenye kitambaa cha mahameli, zikauzwa nje kwa wakusanyaji wa nje, jina letu na nembo yetu vilikuwa kama kibali tu. Silalamiki, fedha za kigeni zilikuwa zinahitajika na wanyama walihitaji kutetewa. Nasema tu kwamba kumbukumbu iliyomo mle ndani si ya kwetu, hakuna Mtanzania anayeweza kuniambia "niliikuta hii kwenye mfuko wa baba". Na bei yake leo, ukiondoa ile sehemu ndogo ya umaarufu, sehemu kubwa inafuata bei ya dhahabu na fedha za dunia, siku dhahabu ikipanda nayo inapanda. Unakusanya madini yenye picha.

Siku hizi imekwenda mbali zaidi. Kongo ilitoa sarafu za Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 2004, na zipo nyingine za Kongo zenye vitu ambavyo Mkongomani wa kawaida hajawahi kuhusiana navyo. Somalia ndio kichekesho chenyewe: kila mwaka tangu 2004 inatoka sarafu ya fedha ya tembo, imeandikwa Somali Republic, wakusanyaji duniani wanaipenda sana, na inapigwa Bavaria, Ujerumani. Mwaka 1916 Mjerumani kapiga tembo Tabora, na leo Mjerumani anapiga tembo Bavaria. Huyo tembo hajawahi kuwa wetu hata siku moja jamani.

Kuna sarafu ya kumbukumbu moja naiheshimu lakini, ya Kenya ya mwaka 2003, miaka arobaini ya uhuru, wakatoa shilingi arobaini. Rangi mbili, sura ya Rais Kibaki. Kwanza hesabu yenyewe ina utani mzuri, miaka 40 bob 40, halafu iliingia mtaani, mtu alipewa chenji akaishangaa, akamwonyesha kondakta, wakabishana kama ni halali au si halali. Hapo ndipo kumbukumbu inapopatikana, kwenye mabishano ya chenji. Na tangu katiba ya 2010 kusema sura ya mtu yeyote isiwekwe kwenye noti wala sarafu, na Desemba 2018 wakatoka twiga, kifaru, simba na tembo kwenye shilingi 1, 5, 10 na 20, ile arobaini ikapata maana nyingine ambayo walioitengeneza hawakuipanga: ni ya zama zile marais walipokuwa wanakaa kwenye mifuko ya watu. Hiyo ndiyo ningemwambia kijana wa Nairobi aanze nayo, kabla bei haijashtuka.

Na kijana wa Dar? Dala. Ile shilingi tano yenye kona kumi, zilizoanza kutoka mwaka 1971 na miaka iliyofuata, nyingine zina habari za chakula na kilimo kwa ajili ya lile shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Shilingi tano mtaani ikaitwa dala, na nauli ya magari ya watu binafsi ilipokuwa shilingi tano makonda wakaita "dala! dala!", jina likaganda mpaka leo ambapo nauli haina uhusiano wowote na shilingi tano. Hebu fikiria, mji wa watu mamilioni unasafiri kila siku ndani ya jina la sarafu, na sarafu yenyewe unaweza kuipata kwa bei ya chapati kwenye meza ya muuza vitu chakavu. Ingekuwa New York au London ina sarafu ya namna hiyo wangeshaitengenezea kijisanduku cha mahameli. Sisi hatujaanza kuitafuta, kwa hiyo haina bei, na haina bei kwa hiyo hatuitafuti, tunazunguka hapo hapo.

Ndio maana nasema tatizo si matapeli peke yao. Tapeli anajaza nafasi iliyo wazi. Hatuna soko letu wenyewe la sarafu lenye watu wanaojuana na bei zinazojulikana, kwa hiyo anayetaka kujua bei anamsubiri Mzungu, na yeyote anayedai anamjua Mzungu anakula elfu 45. Katika nchi ambayo watu wanakusanya sarafu zao, mjomba angemuuliza jirani, jirani angecheka, habari ingeisha.

Kuna upande mmoja lakini ambao hata tukianza kutafutana lazima mkono ukae mfukoni, nao ni Kilwa. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, ndogo, nyembamba, karne nyingi kabla ya Mreno, na nyingi zina kitu kinachonifurahisha kila nikikitazama: zina vina. Upande mmoja jina, Ali bin al-Hasan, upande wa pili kwamba anamtegemea Mola mwenye fadhila, al-minan, Hasan na minan, yaani unaigeuza sarafu kina kinaitikia. Mtu aliyeamua kwamba hata shaba ya kununulia samaki iwe na kina huyo ni Mswahili, usinibishie. Zimefika mbali, moja imeokotwa Great Zimbabwe, na mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota tano pamoja na nne za Waholanzi kwenye kisiwa huko kaskazini mwa Australia, Marchinbar, na mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje. Pemba, Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 zilipatikana zaidi ya elfu mbili kwa mpigo, nyingi vijisarafu vya fedha kama magamba ya samaki.

Hizi ukiziokota ufukweni Kilwa Kisiwani baada ya mvua, na watoto wa pale huwa wanaziokota, sio za kwako kuuza. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inakihesabu kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 kuwa ni urithi unaolindwa, kukitoa nje bila kibali ni kosa. Na zaidi ya sheria, sarafu ya Kilwa ikishachomolewa udongoni imepoteza nusu ya inachokijua, maana haina tarehe juu yake, tarehe yake ni udongo ule na vigae vilivyolala nayo. Ukimletea mtaalamu kiganjani kama ulivyompelekea mchuuzi, anabaki kukisia. Mi nimewahi kuuziwa, nikiwa Kilwa Masoko, kijana kanifungulia karatasi ya daftari zimo sita. Nilitamani sana. Nikamwambia azipeleke kwa watu wa mambo ya kale, akaniangalia kama mtu anayemwona mjinga, na nina uhakika kabla ya jioni zilikuwa kwenye begi la mgeni.

Basi, jumamosi iliyopita mjomba kanitumia picha. Kamwaga kopo zima kwenye mkeka ili nimchagulie zenye dili. Nikazikuza kwenye simu moja moja: mbuni wengi, sungura, shilingi ya Afrika Mashariki ya simba ambayo watu wanaiita fedha tupu wakati fedha ndani yake ni robo tu na baada ya 1946 haimo kabisa, senti kumi za tundu, moja wapo ya 1936 kama kawaida. Na pembeni kabisa, karibu na kidole chake gumba, moja ya njano imechongoka vibaya ukingoni, taji juu, D.O.A., T.

Nikampigia hapo hapo. Mjomba, hiyo ya njano umeitoa wapi? Ah hiyo, ilikuwa ya marehemu babu yako, alifanya kazi reli. Babu alifanya kazi reli wapi? Si hapo hapo Tabora, baba yake naye, ndo maana sisi tuko huku. Nikamwomba asiiguse, asiisugue, aifunge kwenye karatasi safi peke yake, na akae chini jioni aniandikie kila anachokumbuka kuhusu babu na hiyo karakana, hata kama ni mistari mitano. Nilimweleza kwamba sokoni si tajiri sana, za heller 20 zilipigwa nyingi, ila kwa hadithi hiyo mi mwenyewe ninaitafuta, na kama anauza nitanunua kwa bei ya haki.

Akanyamaza kidogo, nikasikia kuku nyuma yake.

"Sawa, hiyo nitakupa bure, ni ya babu yako," akasema. "Na ile ya Mwenge je?"